Moshi Kilabuni: Kutoka Mtungi wa Wazee hadi Sheria ya 2003

Katika nchi ya Wangoreme, iliko kata ya Kisaka wilayani Serengeti, na kwa jirani zao Wakuria wa Tarime, pombe ya nafaka ilinywewa kwa mirija mirefu kutoka mtungi mmoja. Kuuzunguka mtungi huo kulikuwa na utaratibu. Kila rika lilijua mahali pake, na kijana hakuwa na mrija hapo mpaka umri umfikishe. Tumbaku nayo ilikuwemo, kwa kiko na kwa ugoro, kama kitu cha watu wazima. Basi katazo lilikuwepo hata kabla ya sheria kuandikwa, ila kilichokuwa kikilindwa ni heshima. Mapafu hayakuwa na mtetezi.

Makatazo ya namna hiyo yalikuwepo kwingi. Tumbaku ilitoka Amerika, na wasafiri Burton na Speke walipopita bara mwaka 1857 na 1858 waliikuta imeshazoeleka mbali kabisa na pwani. Na kwingine ilikofika ilikatazwa. Huko Istanbul, Sultani Murad IV aliipiga marufuku mwaka 1633 kwa adhabu ya kifo. Maskati, Imamu Azzan bin Qais, aliyetawala kuanzia 1868 hadi 1871, aliikataza kwa misingi ya dini. Karne moja baadaye, huko huko, Sultani Said bin Taimur, aliyepinduliwa mwaka 1970, bado hakuruhusu mtu avute hadharani. Wote hao walimtazama mvutaji: utii wake, ibada yake, adabu yake. Aliyekaa kando akivuta pumzi hakuhesabiwa katika shauri hilo.

Sigara ya kiwandani ndiyo iliyovuruga utaratibu wa mtungi. Mwaka 1928 British American Tobacco ilifungua kiwanda Jinja, na kwa njia ya ziwa Musoma si mbali na Jinja. Kisha ikaja vita ya pili ya dunia. Vijana wengi wa Mara walikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na sigara ilikuwa miongoni mwa posho za askari. Sigara haikuhitaji kiko cha mzee wala ruhusa yake. Ilinunuliwa hata moja moja dukani, na kijana mwenye senti mfukoni aliiwasha popote.

Jirani wa mvutaji aliingia katika hesabu mwaka 1981, pale Takeshi Hirayama wa Japani alipoonyesha kwamba wanawake wasiovuta, ambao waume zao ni wavutaji, hupata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao. Tangu hapo swali likabadilika, na Afrika Mashariki haikuchelewa kulijibu. Desemba 2002 Mahakama Kuu ya Uganda, katika kesi iliyofunguliwa na wanaharakati wa mazingira, ilikubali kwamba kuvuta mahali pa umma kunavunja haki ya wengine ya uhai na ya mazingira safi. Sheria ya Uganda ya 2015 ilikwenda mbali zaidi, ikakataza hata kuvuta ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2007, ikaanza kutumika Julai 2008, na kwa hiyo ukivuka Sirari kuingia Isebania, sigara mahali pasiporuhusiwa inaweza kukugharimu faini ya hadi shilingi 50,000 za Kenya au kifungo cha hadi miezi sita.

Tanzania ilitangulia kwa maandishi. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ilipitishwa mwaka 2003, mwaka ule ule ulipopitishwa mkataba wa kimataifa wa Shirika la Afya Duniani, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2007. Sheria hiyo inakataza kuvuta katika maeneo mengi ya umma, kama vituo vya afya na nyumba za ibada. Kwa baa na migahawa iliacha mwanya: mwenye biashara anaweza kutenga eneo la wavutaji.

Mwanya huo uliachwa kwa sababu zinazojulikana. Wenye baa wanahofia wateja, hazina inahofia kodi. Hapa Mara kuna hofu ya tatu, maana tumbaku inalimwa Tarime na Serengeti, na mkulima akisikia neno marufuku huwaza ada ya shule. Hofu yake naiheshimu, lakini haina msingi hapa. Sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania huuzwa nje ya nchi. Sigara zinazozimwa katika vilabu vya Serengeti hazitapunguza mzigo wake sokoni.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba eneo lililotengwa linahitaji ukuta. Tazama kilabu cha pombe cha kijijini: paa la bati au nyasi, nguzo, mabenchi mawili matatu, na mama mwenye pombe amekaa katikati na kata yake. Mvutaji ananyanyuka, anachukua kaa la moto jikoni kuwashia, anarudi kwenye benchi lile lile. Mteja atakunywa saa mbili ataondoka. Mama yule alikwisha kuvuta moshi wa kuni alipokuwa akipika pombe, na sasa anavuta wa wateja mpaka jioni, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Ireland ilipopiga marufuku sigara katika baa zake tarehe 29 Machi 2004, hoja iliyoshinda ilikuwa ya mfanyakazi: hakuna kazi inayompa mtu idhini ya kumvutisha mwenzake sumu. Hoja hiyo inamfaa mama wa kilabuni kuliko mtu yeyote, naye ndiye asiyetajwa popote.

Njia ipo, tena haihitaji Dodoma. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kijiji kinaweza kuamua kwamba anayetaka sigara atoke chini ya paa, asogee hatua kadhaa, avute, arudi. Kuku na mbuzi wanaozurura wametungiwa sheria ndogo na faini zake vijijini kwetu, na ajenda ya mama muuza pombe inastahili kusomwa katika mkutano ule ule, yeye mwenyewe akipewa nafasi ya kwanza kusema.