Vipimo vya Sikio na Umoja wa Viziwi

Tarehe 3 Desemba 1987 ndege ndogo ilianguka nchini Rwanda, upande wa Gisenyi, mji unaopakana na Goma yetu. Humo alifariki Andrew Foster, kiziwi Mmarekani mweusi aliyeanzisha shule zaidi ya 30 za viziwi barani Afrika, ya kwanza nchini Ghana mwaka 1957.

Shirika la Afya Duniani huhesabu upungufu mdogo wa kusikia kuanzia desibeli 20, na ule mzito sana kuanzia 80. Vipimo hivyo humfaa mganga. Vikigeuzwa kuwa ngazi za heshima, huwagawa watu. Anayesikia kidogo huishi mpakani: wasikiao humwita kiziwi, na viziwi huweza kumwona mgeni.

Mgawanyiko huo una historia. Katika karne ya 18, padri Charles-Michel de l'Épée aliwafundisha viziwi wa Paris kwa ishara, akipokea zile walizokuwa nazo wenyewe. Lakini mwaka 1880 mkutano wa walimu mjini Milan uliamua kwamba matamshi yatawale na ishara ziondolewe shuleni. Walionufaika ni wenye masalio ya usikivu, na waliopata uziwi wakiwa wamekwisha kujua kusema. Waliozaliwa viziwi kabisa walidhaniwa wazito wa akili. Ilipita miaka 130 ndipo mkutano wa namna hiyo, mjini Vancouver, ulipotamka majuto.

Foster angeweza kujihesabu miongoni mwa wenye nafuu, kwa kuwa alisikia hadi umri wa miaka 11, homa ya uti wa mgongo ilipomnyang'anya usikivu. Hata hivyo alichagua ishara. Zile alizozileta kutoka Marekani, zikiambatana na Kifaransa, zilienea katika nchi nyingi, Kongo yetu ikiwamo, zikawa uwanja ambamo wa vipimo vyote wangekutana.

Hapa Goma umoja huo ni jambo la uhai. Mji umeona vita, na moto wa Nyiragongo mwaka 2002 na 2021. Amri ya askari kizuizini, au kelele za watu wanaokimbia usiku, humfikia mmoja na kumpita mwingine. Anayesikia kidogo, akizijua ishara, huwa mlinzi wa wenzake. Asipozijua, kila mmoja hubaki peke yake. Basi, ndugu, tunapomkaribisha kiziwi katika mashirika yetu, tusianze kwa kuuliza anasikia kiasi gani. Tujifunze kwanza kumsalimu kwa mikono.