Fisha, nanga au kitanuzi?

Mwenye ofisi anayetaka kugawa ukumbi kwa patisheni za jipsamu huuliza bei na kelele. Fundi huuliza sakafu ni ya nini. Ile fremu ya mabati mepesi haisimami yenyewe: chaneli ya chini lazima ikamatwe na zege, na nguzo za pembeni zikamatwe na ukuta wa zamani. Mkamataji mara nyingi ni kijiplastiki kifupi kuliko kidole, ambacho mafundi wengi hukiita fisha.

Jina ni la mtu. Artur Fischer, Mjerumani, alikitengeneza kwa nailoni mwaka 1958. Kabla yake, huko London, John Joseph Rawlings alikuwa na kifaa chake cha nyuzi za juti, na anayeagiza rolbolti, bolti ya chuma, dukani bado anamtaja bila kujua. Vivyo hivyo Kiwi, ingawa si jina la mtu, iligeuka jina la rangi ya viatu.

Lugha ya vitabuni ingependa neno la kueleza kazi. Wapo wanaopendekeza “nanga”, tafsiri inayokuja haraka mno. Nanga hushika kwa makucha yanayochimba chini ya bahari. Fisha haina makucha. Skrubu ikizama ndani yake, fisha hutanuka, hubana kuta za tundu, na msuguano ndio unaoshika. “Kizibo” nacho kinataja kuziba, jambo ambalo si lengo. “Kitanuzi” kinafaa zaidi, hasa kwa kuwa kinakumbatia pia bolti ya chuma inayotanuka vivyo hivyo.

Aliyeelewa kutanuka hahitaji kukaririshwa masharti. Tundu la fisha ya milimita 8 hutobolewa kwa biti ya milimita 8, kwani katika tundu pana fisha haina cha kubana. Vumbi hupulizwa nje, maana unga wa zege hupunguza msuguano. Tundu huzidi kidogo urefu wa fisha. Ukingoni mwa zege hapatobolewi: nguvu ileile inayoshika hupasua.

Tatizo hasa liko kwenye ukuta wa zamani. Plasta huweza kuwa nene sentimita mbili, na fisha fupi ikiishia humo imeshika ganda tu. Tofali lenye uwazi ndani lina ujanja wake: huhitaji fisha inayojikunja nyuma ya ganda. Kabla ya drili kuwashwa, fundi mwangalifu huuliza pia mabomba na nyaya zimepita wapi.