Waya, Ushanga na Vifungo: Habari za Mapambo katika Maniema

Siku hizi katika miji mingi twaona vijana na akina mama wanaotengeneza mapambo kwa vitu vilivyokwisha kutumika: mikufu ya karatasi, bangili za shaba iliyoyeyushwa, vipuli vya vifungo vya nguo kuukuu. Mtu aweza kudhani kwamba kazi hiyo ni jambo jipya lililoletwa na wageni. Sivyo. Katika Maniema, nchi ya Kindu, Kasongo na Punia, kazi hiyo ni ya zamani. Tena habari zake zamfaa kila mtu anayetaka kuishi kwa biashara ndogo ya mikono yake.

Katika karne ya 19 wafanyi biashara wa Unguja na wa pwani walivuka ziwa Tanganyika, wakaingia Maniema kutafuta pembe za ndovu. Walikaa Nyangwe, penye soko kubwa kando ya mto Lualaba, na baadaye Kasongo, alikokaa Hamed bin Muhammed, yule aliyeitwa Tippu Tip. Mizigo yao ilikuwa hasa ya namna tatu: nguo, ushanga na waya.

Biashara ile ilikuwa na damu. Tarehe 15 Julai 1871 msafiri Livingstone aliona kwa macho yake watu wa wafanyi biashara wakipiga bunduki katikati ya soko la Nyangwe. Mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula, walikufa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Basi tunaposifu uzuri wa ushanga wa zamani, tusisahau ulikuja pamoja na nani.

Sehemu kubwa ya ushanga huo ilitengenezwa Venice, katika nchi ya Italia. Msafiri Burton, aliyepita barani tangu mwaka 1857, aliandika kwamba namna za ushanga zilizojulikana zilikuwa karibu 400. Watu waliuhesabu kwa kete, na kete 10 zilifanya fundo moja. Lakini ushanga haukupendwa sawasawa kila mahali. Mwaka 1871 Stanley, alipokuwa akitayarisha safari yake Unguja, alifundishwa na wenyeji kwamba ushanga mweusi hupokewa Ugogo, lakini kwingine haununui kitu. Ushanga mkubwa ulioitwa sungomaji ulitakiwa Ujiji, lakini mahali pengine watu wangeukataa. Mwenye msafara asiyeuliza kwanza aliweza kubeba mizigo mizito ya ushanga, akafika mahali akashindwa kupata hata chakula cha siku moja. Waona, ndugu msomaji? Mnunuzi ndiye aliyeamua kipi ni kizuri, wala si mwenye mzigo.

Waya nao ulikuwa na habari yake. Waya mnene, ulioitwa masango, ulikuja umekunjwa kama kamba. Mafundi wa bara hawakuuacha vile ulivyokuja. Waliupasha moto, wakaugonga, wakauvuta hata ukawa mwembamba kama uzi, ndio udodi. Kisha waliuzungusha juu ya singa za mkia wa mnyama au nyuzi za miti, ukawa pete za mkono na za mguu. Mwingine ulizungushwa toka kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko, nao uliitwa kitindi. Hivyo kitu kilichokuwa fedha ya msafara kikawa pambo, na pambo likiharibika laweza kugongwa tena likawa jingine.

Mfano ulio karibu zaidi na Punia ni wa Walega, wanaokaa Pangi, Shabunda na kandokando. Walikuwa na chama cha heshima kiitwacho bwami, na mtu alipanda daraja zake moja moja, akisaidiwa na jamaa na kufundishwa mwenendo mwema. Daraja ilionekana katika kofia. Kofia zilipambwa kwa kauri, zilizotoka mbali katika bahari ya Hindi, kwa ushanga, na kwa mkia wa tembo kwa wazee wa daraja ya juu kabisa, iitwayo kindi. Baadaye, vifungo vya mashati ya Kizungu vilipofika, mafundi walivishona juu ya kofia mahali pa kauri. Dukani kifungo kile kilikuwa kitu kidogo tu. Juu ya kofia ya mzee kilisema jambo ambalo kila mtu wa kijiji alilielewa.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliivunja bwami kwa amri. Vitu vyake vingi vilitoka nchini, na leo watu huvitazama katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, kama ile ya Tervuren katika Ubelgiji.

Punia yenyewe imejulikana ulimwenguni kwa mali nyingine, yaani mawe ya bati. Kampuni ya Symétain ilichimba huko na Kalima wakati wa ukoloni, na mwaka 1976 kazi ikaingia katika kampuni kubwa ya SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka ulimwenguni kote, na katika miaka ya 1990 SOMINKI ikafa. Tangu hapo watu wengi huchimba kwa koleo na mikono. Bati hutoka Punia kama mchanga mweusi ndani ya magunia, na hurudi likiwa limeunganisha nyaya ndani ya simu ambayo mchimbaji hununua kwa bei ghali. Ndivyo ilivyokuwa kwa pembe za ndovu pia. Faida kubwa humwendea yule anayekigeuza kitu, wala si yule anayekitoa ardhini.

Ndiyo maana kazi ndogo ya mapambo si mchezo wa watoto. Huko Kampala, wanawake waliokimbia vita ya Uganda ya kaskazini walikata karatasi za magazeti ya zamani kuwa pembe tatu ndefu, wakazikunja, wakazitia gundi na vanishi, zikawa ushanga. Tangu mwaka 2004 ushanga wao umeuzwa mpaka Marekani. Huko Kibera, Nairobi, mafundi huyeyusha kufuli na mabomba ya zamani ya shaba, wakapata bangili na vipuli.

Lakini iko hatari moja. Huko ng'ambo wako watu wanaochukua vifungo vya nguo za kampuni mashuhuri na kuvifanya mikufu. Mwaka 2021 kampuni ya Chanel ya Ufaransa iliwashitaki mbele ya mahakama ya New York wafanyi biashara waliouza mapambo yenye vifungo vya alama yake. Tazama tofauti. Fundi wa Kilega alichukua kifungo cha mgeni akakipa maana ya kwao. Anayeuza alama ya mwingine auza jina lisilo lake, na siku yoyote mwenye jina aweza kulidai.

Basi, anayetaka kuanza na afanye hivi. Kwanza aulize wanunuzi wanapenda nini, asije akapatwa na shida ya ushanga mweusi. Pili, akipanga bei, asihesabu kwamba takataka ni bure. Ahesabu uzi, gundi, nauli, na saa za kazi yake. Mkufu wa saa 3 ukiuzwa kwa bei ya uzi tu, fundi amefanya kazi ya bure. Tatu, aandike kila kitu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Nne, aangalie afya: asiyeyushe betri za magari, maana risasi iliyomo ni sumu, hasa kwa watoto, na shaba ya manjano iyeyushwe penye hewa, kwa sababu moshi wake hudhuru. Tano, amwambie mnunuzi ukweli juu ya kitu chenyewe na kilikotoka.

Wazee wa Maniema hawakuwa na kiwanda wala benki. Walikuwa na nyundo, sindano na subira. Vitu hivyo vitatu vinapatikana Punia hata leo, wala havisubiri bei ya bati ipande.