Walifundishwa Kuwasha Moto Kisiwani, Kisiwa Kikaungua, Lawama Zikawaangukia Vijana

Picha ya vijana wamezunguka moto usiku, gitaa pembeni, mahindi yanachomwa, haikosi laiki. Ila stori ya mahali ambapo mtindo huu wa kuwafundisha vijana moto wa kambi ulianzia, na balaa lililokuja kutokea palepale, wengi haijawafikia.

Ni Agosti 1907, kwenye kisiwa cha Brownsea, bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza. Jenerali Baden-Powell, huyuhuyu ambaye kaburi lake liko Nyeri, Kenya, aliwapeleka huko wavulana kama 20 kwa siku chache za kambi. Baadhi walikuwa watoto wa kishua kutoka shule za matajiri, wengine wa familia za kawaida za Poole na Bournemouth. Enzi hizo kuwalaza hema moja watu wa aina hizo mbili ilikuwa ishu kweli. Jioni wote walikaa kuzunguka moto mmoja, mzee akiwapigia stori. Mwaka uliofuata, 1908, akatoa kitabu chake cha skauti, na masomo ya humo akayaita hadithi za moto wa kambi.

Sasa humo ndani moto si wa mapozi. Kabla ya kugusa kiberiti, kijana anatakiwa kuondoa nyasi na majani makavu yote kuzunguka anapotaka kuwasha. Mzee aliandika wazi kabisa kwamba mioto mingi mibaya ya porini ilitokana na wageni wa mambo haya kuchezea mioto mikubwa wakidhani ndiyo ya kambi. Halafu kulikuwa na mtihani: kuwasha moto kwa njiti za kiberiti zisizozidi mbili.

Mbili tu! Inaonekana kama utani, lakini hapo ndipo ujanja ulipo. Mwenye kiberiti kizima na mafuta ya taa anarundika magogo, anamwaga, anaruka nyuma, basi. Mwenye njiti mbili hana ubavu huo. Itabidi atafute vijiti vyembamba vilivyokauka, avipange hewa ipite chini, aangalie upepo unatokea wapi, na kuni nene aziongeze taratibu moto ukishashika. Na mtu aliyeutafuta moto kwa jasho namna hiyo hauachi ovyo. Kuuzima nako ni kazi: maji, kukoroga majivu, maji tena, mpaka mkono ukisogezwa karibu usihisi joto. Udongo peke yake unadanganya, kwa sababu kaa lililofukiwa linaweza kukaa hai chini kwa chini, likafuata mizizi na kuibukia pengine watu wakiwa wameshaondoka.

Miaka ikaenda, kisiwa kikapata mmiliki mpya, mama mmoja aliyependa upweke na aliyetaka miti na wanyama wake waachwe kama walivyo. Hata hivyo mwaka 1932 alilegea, akaruhusu maskauti washerehekee pale miaka 25 ya harakati yao. Kumbe raha ilikuwa fupi. Mwaka 1934, vijana wengine wakiwa wamepiga kambi, moto ukazuka. Uliwaka siku kadhaa, sehemu kubwa ya kisiwa ikawa majivu, na majengo ya upande wa mashariki yalipona kwa sababu tu upepo uligeuka.

Mama akawanyooshea kidole vijana. Tatizo ni kwamba moto haukuanzia walipokuwa wamepiga kambi, na haikuwahi kuthibitishwa kwamba ni wao. Haikusaidia kitu. Watoto, kambi, kiberiti: nani mwingine angeshukiwa? Akafunga milango, na hakuna kambi tena maisha yake yote.

Wabongo wanaijua hali hiyo. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro ulipowaka kuanzia eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo, taarifa za mwanzo zilitaja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Moto ulikula siku kadhaa, mamia ya watu wakapanda kuuzima, huku wapagazi wakiwa wameshahukumiwa mitandaoni. Moto ukishapita unakuwa umekula na ushahidi, kwa hiyo anayepikia porini anakuwa mshukiwa wa kwanza, awe amefanya au hakufanya.

Yule mama wa Brownsea alifariki mwaka 1961. Kisiwa kikachukuliwa na shirika la uhifadhi la National Trust, na mwaka 1963 kikafunguliwa kwa watu wote. Aliyekifungua alikuwa mjane wa Baden-Powell. Maskauti nao wakarudi, na mpaka leo vijana kutoka nchi nyingi wanapiga kambi pale.