Miaka 20 ya Shumileta: Giza Nalo Linataka Taa

Shumileta, filamu ya Mussa Banzi ya mwaka 2005, ilitimiza miaka 20 mwaka 2025. Vijana wanaozitazama leo filamu za kutisha za zama zile huzicheka: jini gani anatokea kweupe namna hii? Wamezoea shetani wa Marekani anayejibanza gizani hadi dakika za mwisho. Mimi niliyezionea Tandale, kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, nasema wanazionea.

Majumba ya sinema kama Empire na Avalon yalikuwa mjini; uswahilini tulipata video. Zikaja filamu za Nigeria, na msimulizi Lufufu akitusimulia za kigeni kwa Kiswahili. Kisha Banzi akatoa filamu ya kutisha, Nsyuka. Mtafiti Mjerumani Claudia Böhme ameandika jinsi filamu za aina hiyo zilivyochanganya simulizi za kwetu na vitisho vya Nigeria na Hollywood.

Kibanda chetu cha Tandale kwa Mtogole kilikuwa cha mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, TV ya chogo juu ya meza. Mchana jua lilipenya kwenye matundu ya misumari likatua kwenye kioo. Siku moja iliwekwa filamu ya Kizungu ya mizimu, picha nyeusi tii. Tulichokiona kiooni ni nyuso zetu wenyewe. Kelele zikaanza: "Rudisha hela zetu!" Mwenye kibanda akaongeza mwanga wa TV hadi mwisho, weusi ukawa kijivu, chenga tupu. Akaichomoa kanda, akaweka ya Kibongo. Jini alipojitokeza, watoto wa mbele waliingia chini ya benchi.

Hofu ya Mswahili iko miguuni. Mrembo anakuja, unamchekea, unateremsha macho: kumbe ana kwato! Kwato zisipoonekana, hakuna hadithi.

Na giza la filamu hutengenezwa kwa taa. Mpiga picha huweka taa nyuma ya mhusika ili umbo lijitenge na ukuta. Kamera za video za wakati ule zikinyimwa mwanga zilijaa chenga. Hata wenye fedha hukwama. Aprili 2019, "The Long Night", sehemu ya tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones, iliyorekodiwa kwa usiku 55, ililalamikiwa kwa giza lake. Mpiga picha wake, Fabian Wagner, aliitetea, akasema watu wengi hawajui kurekebisha TV zao. Kesi hiyo Tandale tulishaisikiliza zamani, na mtazamaji ndiye aliyeshinda.

Siku hizi tuna filamu kama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021, yenye vivuli vilivyopangwa kwa ustadi. Najivunia hilo. Lakini kanda za waliotangulia zinaliwa na ukungu majumbani, na hilo ni aibu yetu. Bodi ya Filamu izikusanye sasa, wakati waliozirekodi bado wapo kutueleza taa yao waliiweka wapi.