Kusaga na Kukanda: Juu ya Asili ya Jina la Milonaiti

Istilahi huundwa ili ihifadhi maarifa. Lakini mara nyingine huhifadhi kosa. Mfano mmoja ni jina la milonaiti.

Kaskazini-magharibi ya Scotland, miamba ya kale imelala juu ya miamba iliyo michanga kuliko hiyo. Roderick Murchison alishikilia kuwa mpangilio ule ni wa kawaida. James Nicol akampinga, akafa mwaka 1879 bila ya kusadikiwa na wengi. Charles Lapworth ndiye aliyeichunguza miamba ya Eriboll katika miaka ya 1882 na 1883, akaonyesha kuwa ile ya juu ilisukumwa ikapanda juu ya ya chini. Kazi hiyo ilimwelemea hata akaugua. Mwaka 1885 aliuita mwamba wa mistari myembamba ulio penye mpaka huo kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kinu cha kusagia, maana aliamini kuwa umesagwa kama nafaka katika kijaa.

Dhana hiyo haikudumu. Kusaga ni kuvunja. Na katika kina kirefu chenye joto, si lazima mwamba uvunjike. Kwatzi huanza kutiririka, ingali yabisi, katika joto la kadiri ya digrii 300 za Selsiasi. Feldispa hutaka joto zaidi. Mwaka 1934 Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja peke yake, walieleza jinsi kasoro ndogo zinavyohama ndani ya fuwele, nayo ikabadili umbo pasipo kuvunjika. Mwaka 1973 Bell na Etheridge walionyesha kuwa punje ndogo za milonaiti si vumbi la kusagwa, bali ni fuwele zilizojiunda upya wakati mwamba ukivutwa.

Jina la Kiyunani limebaki, kwani wasomaji wengi hawakioni tena kinu kilichomo. Lakini tukilifasiri kwa kusaga, kosa la 1885 litafufuka, kwa kuwa kila mtoto wa Mswahili ajua maana ya kusaga. Kitenzi hicho na tukiweke kwa miamba iliyovunjika karibu na uso wa nchi, penye baridi. Ule wa vilindini haukusagwa: ulikandwa, ukarefuka kama donge la unga lisilokatika. Basi ama tuseme milonaiti, ama tuseme mwamba mkande.