Mabomu ya London na koti la Patrick

Nilipotea kidogo, mitihani ilinibana halafu bumu nalo likachelewa, mnajua wenyewe. Leo nimetoka maktaba na jambo ambalo haliniachi.

Lilianzia kwa mama. Juzi alinipigia simu: mdogo wetu wa mwisho anaingia darasa la tano, na baba anataka apelekwe bweni. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, kwa hiyo sasa ndiyo umri wake unaruhusu. "Wewe ndiye unayesomea ualimu," mama akasema, "tuambie." Nikaenda kufukua desa la saikolojia ya elimu, nalo likanipeleka hadi Uingereza ya mwaka 1939.

Tarehe 1 Septemba mwaka ule, siku Ujerumani ilipoivamia Poland, Waingereza walianza kuwaondoa watoto mijini wakiogopa mabomu ya ndege. Ndani ya siku chache walihamishwa watu kama milioni 1.5, na zaidi ya laki nane kati yao walikuwa wanafunzi walioondoka na walimu wao bila wazazi. Karatasi yenye jina kifuani, kinyago cha gesi begani, treni hiyooo. Huko vijijini wenyeji mara nyingi walijichagulia wenyewe mtoto wa kumchukua. Hebu fikiria wewe ndiye unabaki wa mwisho pale ukumbini.

Mabomu yalichelewa, na kufikia Januari 1940 karibu nusu ya waliohamishwa walikuwa wamesharudi makwao. Kisha tarehe 7 Septemba 1940 London ikaanza kupigwa kwelikweli.

Hapa ndipo anaingia Anna Freud, binti wa yule Sigmund Freud, aliyekimbia Vienna na baba yake mwaka 1938. Yeye na mwenzake Dorothy Burlingham walifungua vituo vya kulea watoto wa vita mtaa wa Hampstead, London, kwa fedha za wafadhili wa Marekani. Walifanya kitu ambacho sisi walimu tunakipuuza: waliandika kila siku walichokiona. Na walichokiona kiliwashangaza. Mtoto aliyekuwa handakini na mama yake, huku nyumba zikianguka, mara nyingi alitulia kama mama ametulia. Mama akitetemeka, mtoto naye anatetemeka. Lakini mtoto aliyepelekwa mahali salama, akala vizuri, akalala vizuri, bila mtu wake, ndiye aliyeumia zaidi.

Mmoja wao walimwita Patrick, umri miaka mitatu na kidogo. Aliambiwa asilie, la sivyo mama hatakuja kumwona. Basi halii. Badala yake akawa anarudia kutwa nzima kwamba mama atakuja, atamvalisha koti, atampeleka nyumbani. Alipokatazwa kurudia maneno hayo akajibanza pembeni, akawa anavaa koti la hewani kwa mikono huku midomo ikicheza bila sauti. Jamani, niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza.

Baadaye wale akina mama wa Hampstead waliwagawa watoto katika "familia" ndogondogo, kila moja na mlezi wake. Kwanza ikawa vurugu, wivu na kulia. Halafu watoto wakaanza kupiga hatua, hata kuongea.

Sisemi kuwahamisha lilikuwa kosa. Hadi Mei 1941 mabomu yalikuwa yameua raia zaidi ya 40,000. Ila upande wa pili nao una hesabu yake.

Hesabu hiyo iliendelea kupigwa baada ya vita. Mwaka 1951 John Bowlby aliandika ripoti kwa Shirika la Afya Duniani kuhusu watoto waliokosa malezi ya mama. Mwaka 1954 Mary Ainsworth, aliyekuwa amefanya kazi naye, akaja hapa jirani Uganda. Alisikia Waganda wana desturi ya kumpeleka mtoto kwa bibi akiachishwa ziwa, akataka kuona kutengana huko kunafanya nini. Akakuta desturi yenyewe imeshafifia! Basi akatembelea kaya 26 za vijiji vya karibu na Kampala, akaona watoto wanatambaa kwenda kuchungulia dunia, wanageuka kuhakikisha mama yupo, wanaendelea. Na hawakushikamana na mama peke yake, wapo walioshikamana pia na baba, bibi au kaka. Hilo tungeweza kumwambia bure.

Jana nikampigia mama, nikamsimulia yote hayo. Nikasema mdogo wetu ana miaka kumi, si mitatu kama Patrick, na bweni si vita. Swali la kuuliza shule ni hili: usiku akilia, nani wa kumwendea, na huyo mtu anamjua kwa jina?

Mama akanyamaza. Kisha akauliza, "Na wewe tulipokupeleka darasa la tatu, ulikuwa unavaa koti?"

Nikasingizia mtandao unakatakata. Jumamosi naenda nyumbani, baba anasubiri jibu.